Maisha ya Daktari Robert Koch, Aliyemtoa Adui Gizani

Ni jamaa chache katika nchi yetu ambazo hazijapata kuzika mtu aliyekufa kwa kifua kikuu. Wazee wetu waliuona ugonjwa huo ukimkausha kijana mwenye nguvu kidogo kidogo, kikohozi kikimzidi usiku na damu ikimtoka kinywani, wala wasijue umetoka wapi. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema amerogwa, na wengine wakasema ni ugonjwa wa ukoo, hata vijana wa ukoo ule wakakosa wachumba. Wala si sisi peke yetu tuliokaa katika giza hilo. Wataalamu wa Ulaya nao walibishana miaka mingi, hawa wakisema ni urithi wa baba na mama, na wale wakisema ni hewa mbaya.

Mtu aliyeyamaliza mabishano hayo kwa ushahidi wa macho ni daktari Mjerumani aliyeitwa Robert Koch. Yatupasa tumjue kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake ndiyo msingi wa vipimo vingi tunavyopimwa hospitalini hata leo. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe alifika katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki akawatibu watu wetu, na katika kazi hiyo yalitokea mema, ukatokea na msiba. Basi tutamsimulia kwa yote mawili, kwani mtu mkubwa asimuliwaye kwa mema tu huwa hajasimuliwa.

KUZALIWA NA MASOMO

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Mji huo ulikuwa wa wachimba madini, na baba yake alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kazi hiyo. Mama yake alizaa watoto 13, hivyo mshahara wa baba uligawanywa katika vinywa vingi. Inasimuliwa kuwa Robert alijifundisha kusoma kwa kutazama magazeti kabla hajapelekwa shuleni.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huenda yakaletwa na viumbe hai vidogo mno. Walakini hakuwa na njia ya kulithibitisha jambo hilo. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kulithibitisha.

Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike. Akahama mji hata mji akitafuta kazi ya kuitunza nyumba yake, akatumika kama daktari katika vita vya mwaka 1870 baina ya Wajerumani na Wafaransa, na mwaka 1872 akawekwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland.

DAKTARI WA WILAYA NA UGONJWA WA KIMETA

Huko Wollstein hakukuwa na chuo wala maktaba kubwa, wala mtaalamu wa kushauriana naye. Koch alikuwa na wagonjwa wake wa kila siku, na darubini ya kukuzia vitu vidogo, ambayo yasemekana alizawadiwa na mkewe. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia, na kila alipopata nafasi akaingia humo kuchungua.

Wakulima wa wilaya ile walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua sana, nao huwaua hata watu wanaokula mzoga. Wataalamu wengine walikwisha kuona vijiti vidogo mno katika damu ya mnyama aliyekufa, lakini hapana aliyejua kama vijiti vile ndivyo vilivyoleta ugonjwa au ni matokeo yake tu. Koch alichukua kipande cha mti, akakichovya katika damu ya mnyama mgonjwa, akakiingiza katika mkia wa panya mzima. Panya akafa, na damu yake ikaonekana imejaa vijiti vile vile. Kisha akaviotesha vijiti hivyo katika maji ya jicho la ng'ombe, nje kabisa ya mwili wa mnyama, akaviona vikikua virefu na kufanya ndani yake mbegu ndogo ngumu. Mbegu hizo ndizo zinazokaa katika udongo miaka mingi, na kwa sababu hiyo malisho yaliyoua mwaka huu huweza kuua tena baadaye, hata kama mizoga yote imekwisha kuoza.

Mwaka 1876 alivifunga vyombo vyake, akasafiri mpaka Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, mjuzi wa mimea na vijidudu. Hakwenda kumweleza kwa maneno matupu. Alizifanya kazi zake upya mbele ya macho ya wataalamu wa chuo kile. Nao walisadiki, na Cohn akaichapisha habari hiyo mwaka ule ule. Hivyo daktari wa wilaya asiye na jina akawa mtu wa kwanza kuonyesha kikamilifu kwamba kijidudu fulani huleta ugonjwa fulani.

PICHA ZA KISICHOONEKANA

Siku zile mtu aliyetazama kwa darubini alichora kwa mkono alichokiona. Koch hakuridhika na michoro, kwani mchoraji huweza kuchora anachotaka kukiona, na mwenzake hana njia ya kumsahihisha. Kwa hiyo alijifunza kuvikausha vijidudu juu ya kipande cha kioo, kuvitia rangi za kiwandani ili vionekane wazi, kisha kuunganisha kamera na darubini na kuvipiga picha kwa nuru ya jua. Kazi hiyo ilihitaji saburi nyingi, maana wingu likipita nuru hupotea. Mwaka 1877 alitoa picha zake, nazo ni picha za kwanza za bakteria kuchapishwa. Tangu hapo mtu aliye mbali aliweza kukiona kitu kile kile alichokiona mwenzake, akakubali au akakanusha kwa haki.

Katika miaka iliyofuata kiwanda cha Zeiss cha mji wa Jena kilitengeneza vioo bora zaidi vya darubini, na Koch alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvitumia katika kazi hii. Kwa vioo hivyo alionyesha mwaka 1878 kwamba vidonda vinavyooza huoza kwa vijidudu vya namna mbalimbali.

Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin katika ofisi kuu ya afya, ikampa wasaidizi. Huko alitatua shida nyingine kubwa. Vijidudu vikioteshwa katika mchuzi huchanganyika, wala huwezi kuvitenganisha. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa, kila kijidudu hukaa mahali pake na kufanya kituo chake. Baadaye yeye na wenzake walitumia mchuzi ulioganda, na Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi, akashauri utomvu wa mwani aliouzoea jikoni, ambao hauyeyuki upesi kwa joto. Shauri la mama huyu la jikoni linatumika ulimwenguni kote mpaka leo.

KIFUA KIKUU

Katika mwaka 1881 Koch aliukabili ugonjwa ambao, kwa hesabu za wakati ule, mtu mmoja katika kila saba alikufa kwa ajili yake. Kijidudu chake kilikuwa kigumu kuonekana, kwani hakikubali rangi kwa urahisi. Alijaribu rangi nyingi hata akapata ya buluu iliyokishika. Kukiotesha nako kulikuwa shida. Vijidudu vingine huota kwa siku moja au mbili, lakini hiki kilitaka majuma kadhaa, na mtu asiye na saburi angedhani hakuna kitu akatupa chombo. Koch alingoja. Kisha akawaingizia wanyama wadogo vijidudu alivyoviotesha, nao wakaugua kifua kikuu.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wataalamu huko Berlin, mezani akiwa amepanga darubini na vioo vyake vingi ili kila mtu aje atazame. Alisoma maneno yake polepole bila madoido. Alipokwisha, hapana aliyeuliza wala kupinga. Wasikilizaji waliinuka, wakaenda kutazama wenyewe. Hata leo tarehe 24 Machi ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Katika kazi hii ndimo ilimotimia kanuni inayoitwa kwa jina lake: kijidudu kionekane katika kila mwenye ugonjwa ule; kitolewe, kioteshwe peke yake; kikiingizwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule; kisha kipatikane tena ndani yake. Kwa ufupi, mtu asiseme jambo mpaka amelionyesha.

KIPINDUPINDU

Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri, naye Koch akapelekwa Alexandria pamoja na wasaidizi wake. Madaktari wa Ufaransa nao walikuwako, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, akafa kwa ugonjwa ule ule aliokuja kuuchunguza. Koch aliendelea mpaka Calcutta, Bara Hindi, na mwaka 1884 akatoa habari kwamba kijidudu chake kimepindika kama alama ya mkato, na kwamba watu hukinywa katika maji yaliyochafuliwa. Wengi hawakusadiki. Lakini mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji ulionywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona ulinywa maji ya mto ule ule, walakini uliyachuja katika mchanga, nao ukasalimika kwa sehemu kubwa. Hapo hoja ya Koch haikuhitaji tena mtetezi.

DAWA YA SIRI

Sasa twafika mahali ambapo mtu huyu aliiacha kanuni yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari wa mataifa uliofanyika Berlin, alitangaza kuwa amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu. Novemba mwaka huo dawa yenyewe, iitwayo tuberkulini, ikaanza kutumiwa kwa watu. Walakini hakusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, hata nyumba za wageni zikajaa watu wanaokohoa, na wengine wakafia huko huko.

Baada ya miezi michache Profesa Rudolf Virchow aliwapasua maiti wa watu waliotiwa dawa hiyo, akaonyesha kwamba ndani yao ugonjwa ulikuwa umeenea upya. Januari 1891 Koch alilazimika kueleza: dawa ile ilikuwa utomvu wa vijidudu vya kifua kikuu wenyewe uliotolewa kwa gliserini. Haikuponya. Wazee wetu husema penye wengi hapaharibiki neno. Kama angaliwaonyesha wenzake dawa ile mapema, kama alivyowaonyesha vioo vyake mwaka 1882, huenda wengi wangalinusurika.

Hata hivyo haikutupwa yote. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet, na mwaka 1908 Charles Mantoux, walionyesha kwamba tone dogo la tuberkulini katika ngozi hufunua kama mtu amekwisha kuambukizwa. Kilichoshindwa kuwa dawa kikawa kipimo. Mwaka 1891 Koch alipewa chuo kipya cha magonjwa ya kuambukiza huko Berlin, na kazi ikaendelea. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo sana kwake, na watu wakasema mengi. Mwaka 1901 akakosea tena, alipoueleza mkutano wa London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Tume ya Uingereza ilichunguza jambo hilo mpaka mwaka 1911, ikathibitisha kwamba maziwa ya ng'ombe mgonjwa huweza kumwambukiza mtu, hasa mtoto.

SAFARI ZA AFRIKA

Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umekwisha kuwafuta ng'ombe wa Wamasai na wa makabila mengine mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukashuka mpaka kusini. Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch aliitwa Kimberley, Afrika ya Kusini, akaonyesha kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka huweza kumkinga ng'ombe mzima. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake, na wengine wakaja na njia zilizo bora. Baada ya kazi ya vizazi vingi, mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha ulimwenguni.

Mwaka 1897 na 1898 alikuwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani akichungua malaria na tauni. Mwaka 1903 alikwenda Bulawayo kuichungua ndigana, akaitofautisha na magonjwa mengine ya ng'ombe yanayofanana nayo. Mwaka 1905, mwaka ule ule aliopata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu, alichungua homa ya papasi katika vibanda vya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Akaona kwamba papasi huupitisha ugonjwa mpaka katika mayai yake, ndiyo maana kibanda kilichohamwa zamani huweza kumwambukiza mgeni alalaye humo usiku mmoja.

MSIBA WA VISIWA VYA SESE

Katika miaka hiyo malale yaliangamiza pwani za Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake yakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mwaka 1906 Koch alifika Amani na Mwanza, kisha kwa ruhusa ya serikali ya Kiingereza akapiga kambi katika visiwa vya Sese, akakaa huko mpaka mwaka 1907. Wagonjwa walimjia kwa mitumbwi, wengine wakichukuliwa na ndugu zao, hata wakazidi elfu.

Aliwatia sindano ya atoksili, dawa yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni ilileta furaha: vijidudu vilitoweka katika damu, na watu waliokuwa wakisinzia wakaamka wakatembea. Lakini baada ya muda vijidudu vikarudi. Ndipo Koch akaongeza kipimo cha dawa, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka macho, wasione tena maisha yao yote. Alikiacha kipimo kile kikubwa, na habari ya vipofu wale aliitoa katika taarifa yake. Ila majina yao hayasimuliwi pamoja na jina lake, wala hatusikii kwamba waliulizwa kabla kama wanaikubali hatari ile. Baadaye Wajerumani walijenga kambi za malale katika upande wao wa ziwa, mojawapo huko Shirati, na wagonjwa wengi wakatoroka kwa kuiogopa sindano hiyo. Hofu yao haikuwa ujinga.

KUFARIKI KWAKE

Koch alirudi kwao akiwa amechoka. Mwaka 1908 alizuru Marekani na Japani, na tarehe 27 Mei 1910 akafariki huko Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika chuo chake cha Berlin, ambacho leo chaitwa kwa jina lake.

TUNALOJIFUNZA

Dawa hasa ya kifua kikuu hakuiona. Ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943, na baada yake zikaja nyingine. Katika kuzipima dawa hizo wagonjwa wa Afrika ya Mashariki walikuwa na sehemu kubwa: majaribio yaliyofanywa huku pamoja na madaktari wa Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba matibabu ya miezi sita yenye dawa ya rifampisini yanaweza kuponya sawa na yale ya miezi 18. Majaribio hayo yaliwekwa wazi, kila kundi la wagonjwa likilinganishwa na jingine, na hesabu zikachapishwa ili ulimwengu wote uzikague.

Basi, ndugu wanachama na wazee wetu, mambo mawili yatokana na maisha haya. Mtu akikohoa kwa majuma mawili au zaidi, asingoje wala asifichwe nyumbani kwa kuona haya. Apelekwe akapimwe makohozi na kupigwa picha ya eksirei, kwani ugonjwa huu si laana wala si wa ukoo, nao hupona ikiwa dawa zitamezwa mpaka mwisho. La pili ni hili: tukiambiwa kuna dawa, na mwenye dawa hataki kusema ni kitu gani wala nani amepona kwayo, tusitoe fedha zetu wala miili yetu, hata kama mwenye kuileta ana jina kubwa. Sisi hatumkubali mweka hazina anayetangaza salio bila kufungua daftari. Koch alipofungua daftari lake ulimwengu ulipata nuru, na alipolifunga wagonjwa ndio waliolipa.